Mwongo wa mapenzi na vyumba vyake

Jamani, hivi mtu anawezaje kuaga nyumbani asubuhi kwa "nakupenda mke wangu", jioni akapokewa kama baba mwenye nyumba kwa nyumba ndogo, na usiku akalala fofofo?

Wengi tunasema ana roho mbaya. Mimi naona wengi wao ni watu wa kawaida waliojizoesha kugawa maisha yao vyumba. Akiingia hiki, kile kakifunga. Kila chumba kina laini yake ya simu na jina lake la utani. Na katika kila chumba anajiona mtu mwema: ada analipa, kodi analipa, watoto anawapenda.

Mchukulieni Charles Lindbergh, rubani Mmarekani aliyekuwa wa kwanza kuruka peke yake bila kutua kutoka New York hadi Paris, mwaka 1927. Kwao alikuwa na mke na watoto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 akazaa kwa siri watoto saba na wanawake watatu wa Kijerumani, wawili wao mtu na ndugu yake! Kuna watoto waliomjua baba yao kwa jina la Careu Kent. Alifariki 1974. Dunia ilikuja kujua 2003, vipimo vya DNA vilipothibitisha watatu kati yao.

Tena uongo huzoeleka. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walionyesha kwamba mtu anapodanganya kwa faida yake, sehemu ya ubongo inayohusika na hisia, amigdala, hushtuka. Akirudia, mshtuko unapungua na uongo unakua. Ulikuwa mchezo wa hela maabara, si ndoa, lakini nani hajauona mtaani? Leo ni "niko kwenye foleni Ubungo", kesho ni "nina semina Morogoro wiki nzima".

Sasa watetezi wa nyumba ndogo husema mke asipojua haumii. Wahenga walishasema usilolijua ni usiku wa giza. Katika giza hilo mama wa watu anakopa ili wajenge pamoja. Anaongeza mtoto. Anaona hana sababu ya kupima VVU, maana mume anamwamini. Maamuzi yote hayo ni yake, ila taarifa alizopewa ni za uongo. Huo kwangu ni wizi, na haufutwi na unga wa mwezi mzima. Na kina dada wenye vyumba vyao, haya yanawahusu pia.

Kwa hiyo tuache kuulizana "lakini si anampenda?" Huenda anampenda kweli. Swali langu ni moja: angejua, angekubali? Kama jibu unalo, na ndilo linalokufanya ufiche, basi umeshaamua kwa niaba yake.

Au wadau mnaonaje?