Hospitali ya Bure Isiyo na Fedha ni Deni la Mnyonge

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Kila mwaka, mwezi wa Juni, makisio ya mapato na matumizi ya serikali yetu ya Uganda husomwa mbele ya Bunge. Siku hiyo wengi wetu hutega sikio kwenye redio kwa mambo mawili tu: bei ya mafuta imepanda ama haikupanda, na kodi ya mshahara imeguswa ama haikuguswa. Fungu la hospitali hutajwa likapita kama upepo. Sisi tunasema fungu hilo ni sehemu ya mshahara wetu. Likipungua, tumekatwa mshahara, hata kama mwajiri hakugusa senti moja.

Kwa nini tunasema hivyo? Kwa sababu mtu wa kima cha chini akiugua hana pa kwenda ila hospitali ya serikali au ya misheni. Mwenye nacho hupanda ndege akatibiwa ng'ambo. Mkata miwa, mchuma chai na mwendesha mashine ya kusokota nyuzi wanamtegemea mwuguzi wa wilaya na kabati lake la dawa. Kabati likiwa tupu, mfanyakazi huyo hulipa mara mbili: kwanza kwa kodi, mara ya pili kwa fedha taslimu katika duka la dawa lililo mkabala na lango la hospitali.

Tukumbuke tulikotoka. Uhuru ulipokuja mwaka 1962, Mulago mpya ilifunguliwa, na katika miaka iliyofuata zikajengwa hospitali 22 za vitanda mia mia huko wilayani, ili mkulima na kibarua wasilazimike kusafiri hadi Kampala. Kisha ukaja utawala wa mabavu wa 1971 hadi 1979, na vita baada yake. Madaktari walikimbia, dawa zikakosekana, na neno "bure" likabaki kwenye makaratasi.

Nchi ilipoanza kujikongoja kusimama tena, walikuja wataalamu wa fedha na dawa yao. Mwaka 1987 Benki ya Dunia ilitoa waraka ukizishauri nchi maskini zitoze ada wagonjwa katika hospitali za serikali. Jirani zetu walifuata: Kenya ilianza Desemba 1989, Tanzania 1993. Nasi katika miaka hiyo ya 1990 wilaya zetu zikaanza kutoza. Jambo hilo lilipewa jina zuri la "kuchangia gharama", kana kwamba kodi tuliyokatwa haikuwa mchango.

Matokeo yalionekana upesi. Katika kliniki moja ya serikali mjini Nairobi iliyotibu magonjwa ya zinaa, ada ilipoanza, idadi ya wanaume waliokuja kwa mwezi ilianguka hadi asilimia 40 ya ile ya mwanzo, na ya wanawake hadi asilimia 65. Maradhi hayakupungua. Wagonjwa ndio waliobaki nyumbani nayo, na huo ulikuwa wakati UKIMWI unaenea.

Machi 2001 serikali yetu iliondoa ada katika hospitali na vituo vyake vyote, isipokuwa katika wodi za kulipia. Watu walifurika, na walioongezeka zaidi ni wale maskini kabisa. Waliokuwa wakisema kwamba mnyonge haji hospitali kwa ujinga wake, au kwa kupenda waganga wa kienyeji, walipata jibu lao. Mnyonge hakuja kwa sababu hakuwa na fedha. Kizuizi kilipoondolewa, alikuja.

Kwa hiyo tunatamka wazi: kuondoa ada kulikuwa haki, na atakayejaribu kuirudisha atatukuta tumesimama mlangoni.

Lakini kazi iliachwa nusu. Watafiti walilinganisha hesabu za matumizi ya nyumbani zilizokusanywa mwaka 1997, 2000 na 2003. Waliona kwamba maskini walikwenda hospitali zaidi, ila idadi ya kaya maskini zilizoelemewa na gharama za matibabu haikupungua. Dawa zilikuwa zikiisha katika vituo vya serikali, mgonjwa akaandikiwa cheti aende akanunue. Na palipo na upungufu ndipo panapozaliwa "chai" ya chini ya meza. Ada haikufa. Ilihama tu kutoka dirisha la keshia ikavuka barabara.

Kila mmoja wetu anajua jinsi inavyokuwa. Mama mja mzito anaambiwa aje na glavu, pamba, wembe na karatasi ya nailoni. Aliyeungua na mvuke kiwandani anapewa kitanda bure, lakini dripu na dawa ya kidonda ni juu ya jamaa zake. Kibarua anayelipwa kwa kazi ya kipimo hapati kitu siku asiyokwenda shambani, na siku hiyo hiyo ndiyo anayotakiwa kutoa fedha. Ndipo anapouza kuku, anapokopa kwa riba, anapomtoa mtoto shule.

Tusiwalaumu wauguzi. Mwuguzi aliye peke yake katika wodi iliyojaa, asiye na glavu wala maji ya bomba, ni mfanyakazi mwenzetu anayetukanwa kwa makosa ya makisio.

Wako wanaosema tatizo ni wizi wa dawa. Ni kweli wizi upo, na tunaulaani. Ndiyo maana tangu mwaka wa fedha 2009/10 fedha za dawa zilianza kupelekwa moja kwa moja kwenye Bohari ya Taifa ya Madawa, na dawa zikapigwa alama kwamba ni mali ya serikali na haziuzwi. Hatua hiyo ilikuwa njema. Lakini alama haiongezi idadi ya vidonge. Dawa ambayo haikununuliwa hailindwi na mhuri wowote.

Wako wanaosema serikali haina fedha. Aprili 2001, mwezi mmoja tu baada ya ada kuondolewa, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutenga angalau asilimia 15 ya makisio kwa afya. Katika miaka mingi tangu hapo, sisi hatukufika hata asilimia 10. Lakini mwaka 2019 Bunge letu lilikubali serikali itoe hati za ahadi za malipo zenye thamani ya dola zaidi ya milioni 379, ili mwekezaji binafsi ajenge hospitali ya matibabu ya kibingwa pale Lubowa. Miaka mitano baadaye hospitali hiyo ilikuwa bado haijakamilika. Hatupingi matibabu ya kibingwa. Tunauliza tu: fedha ambayo haionekani kwa glavu za wilayani huonekana vipi kwa mradi wa namna hiyo?

Wako pia waliozoea kutegemea wahisani. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za kutibu UKIMWI nchini mwetu zikatikiswa kwa siku chache tu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na mgonjwa anayetegemea cha mgeni hufa mapema zaidi.

Haya si malalamiko ya barabarani tu. Mwaka 2011 raia na mashirika yalikwenda mahakamani juu ya akina mama wawili waliokufa wakati wa kujifungua katika hospitali za serikali. Mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ilikataa kulisikiliza shauri, ikisema ni mambo ya siasa. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Rufani ya nchi, yaani Supreme Court, iliamuru lisikilizwe. Agosti 2020 hukumu ikatoka: serikali kushindwa kutoa huduma za msingi kwa wajawazito ni kuvunja Katiba, na lazima itenge fedha za kutosha katika makisio. Basi mfanyakazi anayedai dawa katika wodi ya wazazi haombi hisani. Anadai haki ambayo mahakama imekwisha itambua.

Na bima je? Mswada wa bima ya afya ya taifa uliletwa Bungeni mwaka 2019 ukapitishwa Machi 2021, lakini Rais hakuutia saini. Sisi tunaitaka bima, lakini si bima yoyote. Katika mswada ule wa 2019 mfanyakazi alitakiwa kukatwa asilimia 4 ya mshahara, na mwajiri kutoa asilimia 1. Kwa nini anayepata faida abebe mzigo mwepesi kuliko anayetoa jasho? Tena kadi ya bima haitibu malaria. Ukiipeleka mahali ambapo kabati ni tupu, utarudi na kadi yako na homa yako.

Mwajiri naye asijifiche nyuma ya hospitali ya serikali. Sheria ya fidia ya mwaka 2000 inamtaka agharimie matibabu ya aliyeumia kazini. Sheria ya ajira ya 2006 inampa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Matawi yahakikishe sheria hizi zinafuatwa, maana kila jeraha la kiwandani linaloachiwa wodi ya bure linakula dawa ya mtoto wa jirani.

Kwa hiyo tunadai haya:

1. Ada isirudishwe katika hospitali za serikali kwa jina lolote lile.

2. Fungu la afya lipandishwe mwaka hadi mwaka kuelekea asilimia 15 iliyoahidiwa, na dawa na mishahara ya wauguzi vitangulie majengo.

3. Hospitali za misheni zinazohudumia watu wa kima cha chini ziongezewe ruzuku, kwa sharti kwamba zipunguze ada kwa akina mama na watoto. Ruzuku isipopanda pamoja na bei ya dawa, tofauti hulipwa na mgonjwa.

4. Orodha ya dawa zilizopokelewa ibandikwe ukutani katika kila hospitali na kituo, kila zinapofika.

5. Bima itakayokuja, mchango wa mwajiri usiwe chini ya wa mfanyakazi.

Madai haya hayatatembea yenyewe. Sheria imetupa wabunge watano wa wafanyakazi. Kabla ya Juni, kila tawi liwaulize kwa barua: katika fungu la afya mtasema nini? Baada ya Juni, liwaulize: mlisema nini? Na kila tawi lichague watu wawili wa kwenda hospitali ya karibu, kusoma ile orodha ya ukutani, na kuleta taarifa mkutanoni. Pasipo na orodha, hiyo nayo ni taarifa.

Kwenye mshahara tumejifunza kwamba kisichodaiwa hakitolewi. Kwenye dawa ni vivyo hivyo.

Umoja ni nguvu.