Kwenda Madrid Bila Kupitia London

Katika jaribio letu la kwanza la Kihispania niliandika sentensi moja kuhusu baba yangu: *Mi padre manejó un camión.* Mwalimu akalizungushia neno la tatu wino mwekundu, akaandika pembeni: *manejaba*. Nikajisemea kimoyomoyo: baba alikuwa akiendesha lori, Dar es Salaam hadi Tunduma, tangu sijazaliwa, kosa liko wapi?

Niliuliza. Nikajibiwa kwa Kiingereza, kwa sababu kitabu chetu ni cha Kiingereza, na darasa zima la watu wanaoota kwa Kiswahili hufundishwa Kihispania kwa Kiingereza. Kisha likaja lililoniudhi: "Lugha zetu hazina njeo hii, kwa hiyo ikaririni tu."

Si kweli. Naandika haya kwa sababu tuliinamisha vichwa, watu wazima wa shahada ya uzamili, tukauandika uongo huo daftarini.

Tuanze na huko kukariri. Kitenzi cha kawaida kinachoishia na *-ar* hukatwa mkia huo, kikapewa *-aba*: manejaba, manejabas, manejaba, manejábamos, manejabais, manejaban. Vinavyoishia na *-er* na *-ir* hugawana mkia mmoja, *-ía*: comía, vivía. Vinavyokaidi ni vitatu tu: ser, ir na ver. Jioni moja inatosha kuyajua yote haya. Kinachotutesa ni kujua wakati gani tuitumie njeo yenyewe, na hapo ndipo Kiingereza kinapotupoteza. Neno lake *drove* hubeba safari moja iliyokwisha jana, na hubeba pia maisha mazima ya barabarani. Mimi nilipitia neno hilo, nikafika kwenye *manejó*.

Kiswahili kisingenipoteza. "Jana aliendesha lori" na "alikuwa akiendesha lori" hata mtoto wa darasa la pili hazichanganyi. Ya kwanza ni *manejó*, ya pili ni *manejaba*. "Nilipozaliwa, baba alikuwa akiendesha lori": *Cuando nací, mi padre manejaba un camión.* Rudi juu usome swali nililojiuliza kimoyomoyo. Jibu lilikuwa ndani yake, kwa lugha yangu, nami sikuliona kwa kuwa nilishaambiwa halipo.

Najua utakachosema: lugha hizi haziendi sambamba kila mahali. "Utotoni nilipenda maembe" ina *-li-* peke yake, na Kihispania hapo kitataka imperfecto. Nakubali. Lakini mwalimu anayeanzia kwenye tunachokijua atapata nafasi ya kutuonyesha tofauti kama hizo. Anayeanza kwa kutuambia hatuna kitu atabaki na kazi ya kukaririsha tu.

Usiniambie ni jambo dogo la sarufi. Mwaka juzi baba alipata kiharusi. Haendeshi tena. Wageni wakija kumjulia hali humwongelea akiwa amekaa pale pale sebuleni: aliendesha, alisafiri, basi, kama wanaofunga jalada. Mama hasemi hivyo. Mama husema, "Alikuwa akirudi alfajiri, akipiga honi mara mbili pale kona." Baba akisikia hivyo hucheka kwa upande mmoja wa uso. Mama hajasoma darasa lolote la isimu, ila anaijua imperfecto kuliko kitabu chetu: wakati uliopita ambao hujaufunga mlango.

Kwa hiyo mwalimu wetu alisahihisha sawasawa, akaeleza vibaya. Kalamu yake ilikuwa na haki. Sentensi yangu ilimfanya baba awe mtu wa safari moja. Lakini dawa ya kosa lile ilikuwa sebuleni kwetu, haikuwa kwenye orodha ya tafsiri za Kiingereza.

Nimefungua daftari nikaifuta ile sentensi ya "lugha zetu hazina." Chini yake nimeandika: *Baba alikuwa akiendesha lori. Mi padre manejaba un camión.* Sikupitia London.