Jina Moja Si Ukoo Mmoja: ADN na Karatasi za Jamaa Zetu



Hapa Swima ni vigumu kupata nyumba isiyo na ndugu ng'ambo ya ziwa. Tangu vita ya 1996 watu wa Fizi walivuka Tanganyika hadi Kigoma, wakaishi katika kambi za Lugufu na Nyarugusu, na kutoka huko wengi walihamishiwa Marekani. Siku hizi naulizwa: "Mchungaji, tumepata mtu huko mwenye jina letu. Tupime ADN tujue kama ni ndugu?" Ni kipimo kile ambacho Watanzania wanakiita DNA. Swali ni jema, lakini lina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni jina lenyewe. Uingereza jina la ukoo hutoka kwa baba kwenda kwa watoto. Mwaka 2000 mtaalamu Bryan Sykes alitangaza matokeo ya kupima wanaume wenye jina lake: karibu nusu walikuwa na alama moja katika kromosomu Y, ile ambayo baba humpa mtoto wa kiume tu. Hata huko, ni karibu nusu tu! Kwetu mtoto hupewa jina la babu, la shangazi, hata la rafiki wa jamaa. Ndugu wa tumbo moja wana majina tofauti, na Alimasi wa Baraka si lazima awe ndugu wa Alimasi wa Kalemie. Kipimo huonyesha vizuri mzazi na mtoto, kwa kuwa kila mzazi humpa mtoto nusu ya vinasaba vyake. Watoto wa ndugu wawili hushiriki kama sehemu moja ya nane tu, na mbele zaidi jibu linafifia. Anzeni basi na wazee: kijiji gani, babu gani, nani alimwoa nani.

Mtego wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 2008 Marekani ilijaribu kipimo hiki, ikianzia Nairobi, kwa wakimbizi walioomba kuunganishwa na jamaa zao. Jamaa ambazo undugu wao wote ulithibitishwa hazikufika moja ya tano. Wengine walikutwa na tofauti, wengine walikataa au hawakufika. Mlango huo ukafungwa hadi 2012, ukafunguliwa na sharti la ADN kwa anayesema mtoto ni wa kumzaa.

Wadanganyifu walikuwepo. Lakini sisi tulioona vita tunajua pia kwamba yatima hulelewa, na baada ya miaka kumi hakuna anayemwita yatima. Mama mmoja niliyemsaidia kujaza karatasi aliandika mtoto wa marehemu dada yake kuwa wa kumzaa. Nilijua, nikanyamaza. Kipimo kilikataa, na faili ya nyumba nzima ikasimama. Kosa lile ni langu pia.

Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na faili nyingi zimelala. Wachungaji wenzangu, tutumie muda huu kutengeneza mambo. Mtoto wa kulea aandikwe wa kulea. Kanisa liweke daftari: nani alimpokea nani, mwaka gani, mbele ya mashahidi gani. Na kabla ya kipimo tuketi na mume na mke, kwa sababu jibu linaweza kufunua jambo ambalo nyumba haikujiandaa kulisikia.

Someni Ezra sura ya 2. Kati ya waliorudi kutoka Babeli, 652 hawakuweza kuonyesha nyumba za baba zao. Makuhani wasioonekana katika vitabu walizuiwa kazi ya ukuhani kwanza. Lakini wale 652 hawakutunga ukoo wa uongo, wala hawakuachwa nyuma. Waliandikwa katika orodha pamoja na wenzao, wakarudi nyumbani.

Bwana awalinde walio kambini, na atupe sisi ujasiri wa kuandika kweli.