NI NANI ATAKAYELIPIA DAWA YA MTOTO WA MNYONGE?



Kila siku twasikia sifa za majengo. Hospitali ya ghorofa hukatiwa utepe, ikapigiwa ngoma. Hatukatai, mgonjwa hapasuliwi chini ya mwembe. Lakini tunauliza: mtoto wa miaka miwili aliyeshikwa na homa usiku wa manane huko shamba, ghorofa ya mjini yamfaa nini, ilhali kabati la dispensari ya kijijini kwake ni tupu?

Jawabu limo katika habari zetu wenyewe. Septemba 2003 dawa mseto ya malaria ilianza kutolewa bure katika dispensari za Serikali, Unguja na Pemba. Katika Wilaya ya Kaskazini A, vifo vya watoto wasiotimia miaka mitano vilipungua kwa 52 katika kila 100 baina ya 2002 na 2005. Zitazameni tarehe hizo! Vyandarua vya dawa vilikuwa havijagawiwa kwa wingi, wala kuta hazijapigwa dawa. Hayo yalikuja 2006. Hapakujengwa kasri. Palikuwa na chumba cha karibu, muuguzi aliyepo, na kidonge kisichouzwa.

Na wasikie wenye kusahau. Katika miaka ya 1960 malaria ilikwisha shushwa visiwani humu hata wenye vijidudu wakawa chini ya 10 katika kila 100. Mwaka 1968 kazi ile ikasitishwa, kana kwamba adui akilala ndiyo kafa. Haikupita miaka mingi, maradhi yakarejea kwa nguvu.

Na leo je? Upigaji dawa majumbani ulisaidiwa na fedha za Marekani tangu 2006. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje. Mimi ni mwenye duka, na najua kuwa anayeishi kwa bidhaa ya mkopo peke yake, siku tajiri akigoma hufunga mlango. Kina mama hunijia na cheti mkononi, wameambiwa dawa hakuna, wakanunue. Nami sina ila vidonge vya kuteremsha homa, visivyoua malaria. Wallahi, naona haya kupokea pesa zao.

Basi tunaitaka Serikali iwaeleze raia waziwazi: katika bajeti yake, ni kiasi gani cha fedha zetu wenyewe kilichotengwa kwa dawa mseto, vipimo na upigaji dawa, na kila dispensari itapata nini? Tunataka jawabu kabla ya mvua za masika.