Saab: Hesabu Iliyosahauliwa

Tarehe 19 Desemba 2011 kampuni ya magari ya Saab, iliyokuwa na kiwanda chake katika mji wa Trollhättan nchini Uswidi, ilitangazwa kuwa imefilisika. Tangu siku hiyo wapenzi wa gari hilo wamekuwa na kauli moja: kwamba Saab iliuawa na General Motors, kampuni ya Kimarekani iliyochukua nusu ya hisa zake mwaka 1990 na zilizobaki mwaka 2000. Lawama hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote. Na sehemu inayoachwa ndiyo yenye mafunzo makubwa kwa mwanafunzi wa sayansi.

Mapenzi hayo hayakuzuka bure. Saab ilianzishwa mwaka 1937 ili kutengeneza ndege, na gari lake la kwanza, Saab 92, lililoanza kutengenezwa mwishoni mwa 1949, lilikuwa na umbo la kupasua hewa kwa wepesi mithili ya bawa. Saab 96 iliyofuata ilikuwa na injini ya silinda 3 isiyofikia hata lita 1. Hata hivyo, dereva Erik Carlsson alishinda nayo mashindano ya Monte Carlo mwaka 1962 na 1963, na mwaka 1964 akashika nafasi ya pili katika Safari ya Afrika Mashariki, mashindano yenye sifa ya vumbi na matope.

Baadaye, mwaka 1977, ikaonyeshwa Saab 99 Turbo. Katika injini ya kawaida, moshi hutoka na nguvu yake ikapotea bure. Katika turbo, moshi huo huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga, nalo huzungusha pangaboi jingine linaloshindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, oksijeni huzidi. Petroli nyingi zaidi huweza kuungua, na injini ndogo hufanya kazi ya injini kubwa. Saab haikubuni turbo, kwani Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905. Sifa ya Saab ni kuifanya itii na kufaa kwa safari za kila siku.

Basi kwa nini kampuni yenye akili kama hiyo ilikufa? Jibu limo katika hesabu ya kugawanya. Gharama ya kubuni injini mpya haipungui kwa sababu magari ni machache. Chukua mfano wa gharama ya shilingi bilioni 100. Ikigawanywa kwa magari 1,000,000, kila gari hubeba shilingi 100,000. Ikigawanywa kwa magari 100,000, kila moja hubeba shilingi 1,000,000. Saab, hata katika miaka yake ya neema, ilitengeneza magari yapatayo 130,000 tu kwa mwaka. Ilikuwa ikipata hasara kabla General Motors haijabisha hodi.

Ni kweli kwamba mwenye mali mpya alikosea. Badala ya kulinda kilicholitofautisha gari hilo, alifikia hatua ya kubandika jina la Saab juu ya gari la Subaru na la Chevrolet, na wanunuzi hawakudanganyika. Lakini kosa hilo lilimkuta mgonjwa kitandani, halikuleta ugonjwa.

Leo turbo imo katika magari ya kila aina, hata yale madogo ya bei nafuu. Wazo limeishi, nyumba lilimolelewa imebomoka. Shule hufundisha, na ni haki yake, jinsi ya kuvumbua. Haina budi pia kufundisha swali linalofuata uvumbuzi: kitatengenezwa kwa wingi gani, na kwa gharama ya nani? Anayeliona swali hilo kuwa la wafanyabiashara peke yao, na aikumbuke Trollhättan.