Lugha ya Jirani Isifanywe Kosa Lake



Kijana wa jumuiya mojawapo hapa kwetu Singida alikwenda kuomba barua ya utambulisho, ili apate kitambulisho cha taifa. Akaulizwa kabila lake. Alijibu kwamba yeye amezaliwa hapa, na baba yake vilevile, lakini babu alitoka mbali; nyumbani kwao hawasemi Kinyaturu wala Kinyiramba, bali Kiswahili tu. Akaambiwa: "Mtu asiye na kilugha hana kwao." Akarudi mikono mitupu. Lililoniuma zaidi ni kwamba kiongozi wa jumuiya aliyemsindikiza aliitikia maneno hayo.

Maneno hayo ni ya uongo, tena uongo wenye madhara. Tuwatazame Wanubi wa Uganda na Kenya. Mababu zao walikuwa askari wa makabila mengi kutoka kusini mwa Sudani, waliotumika chini ya Emin Pasha. Mwaka 1891 Mwingereza Lugard aliwachukua kwenda Uganda. Wakapigana vita vya wakoloni, na baadhi yao wakapewa mahali pa kukaa Kibera, Nairobi. Lugha iliyoanza katika kambi zao ikakomaa huku, nayo ndiyo Kinubi. Maneno yake mengi yana asili ya Kiarabu, lakini sarufi yake imejengwa upya, na Kiswahili kimeingia ndani yake. Mtu wa Cairo akiisikia atashika neno hapa na neno pale. Lugha hiyo imelelewa na ardhi ya Afrika Mashariki. Basi yawezekanaje iwe ushahidi kwamba wenye kuisema ni wageni?

Hata hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kwa miaka mingi nchini Kenya kijana wa Kinubi aliyetaka kitambulisho alipelekwa mbele ya kamati ya kumhoji, hali wenzake wa makabila mengine mengi walipita bila kuhojiwa hivyo. Mwaka 2011 Kamati ya Wataalamu wa Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi. Hati ya ardhi ya Kibera, ekari 288, ilitolewa mwaka 2017, baada ya takriban karne nzima ya kungoja. Wanubi walio wengi ni Waislamu. Je, haki yao inapungua kwa sababu hiyo? La hasha!

Wako watakaosema kwamba taifa halina budi kujilinda. Ni kweli. Lakini Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995 hutazama mahali alipozaliwa mtu na uraia wa wazazi wake, haimdai kilugha. Anayemdai Mtanzania kilugha anajitungia sheria yake mwenyewe.

Nasi Wakatoliki tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo, mji mdogo wa pwani. Kijiji cha Kikristo kilichoota pale kilikuwa cha watu waliokombolewa utumwani, waliotekwa kutoka makabila mbalimbali. Kiswahili kiliwaunganisha. Hao wasio na "kwao" ndio waliokuwa miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa Kanisa letu la bara. Na njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita katika nchi ya Manyoni, mkoani kwetu. Anayemdharau mtoto wa waliokuja anadharau msingi wa nyumba anamosali.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi waliwachinja ndugu zao wa Efraimu kwenye vivuko vya Yordani, kwa sababu tu walishindwa kutamka neno moja, "Shibolethi". Walikufa elfu arobaini na mbili. Petro naye, usiku ule wa mateso ya Bwana, alitambuliwa kwa lafudhi yake ya Kigalilaya. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 29, ulitaja lugha waziwazi miongoni mwa mambo ambayo si halali kumbagulia mtu. Dhambi hii, basi, ni ya zamani, na hukumu yake tunayo.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa walei mambo matatu. Kwanza, katika jumuiya zetu tuache kuwaita majirani "watu wa kuja". Utani wa makabila ni mali yetu, lakini utani unaomnyima mtu haki yake si utani tena. Pili, mwanajumuiya akienda kuomba barua, aende na mashahidi wanaojua alikozaliwa na waliomlea, nao wasinyamaze. Tatu, akinyimwa kwa sababu ya kilugha, jambo hilo liandikwe, pamoja na tarehe na maneno aliyoambiwa, na liletwe kwa Tume ya Haki na Amani ya parokia.

Siku ya mwisho Kristo atatuuliza kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni. Kijana yule hakuwa hata mgeni. Tutajibu nini?