Damu kwenye Mswaki

SAFU YA BWANA SHAMBA, UTETE



Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mpunga na korosho. Tunazungumza juu ya fizi. Fizi ni ile nyama inayozunguka meno.

Utauliza, bwana shamba ana nini na fizi? Jibu ni rahisi. Chakula tunakilima ili tukile. Mtu asiye na meno hawezi kutafuna muhogo wa kuchoma, wala mahindi, wala nyama. Tena mtu anayeumwa kinywa hawezi kukaa dunguni kuamia ndege.

Msimu uliopita mzee mmoja alinisimamisha kando ya shamba lake. Aliniambia, "Bwana shamba, meno yangu mawili ya mbele yanacheza. Hayana tundu. Hayaumi. Kwa nini yanataka kunitoka?"

Watu waliokuwa karibu walicheka. Mmoja akasema, "Mzee, huo ni uzee tu."

Ndugu zangu, huo si uzee tu. Wako wazee wenye miaka 80 ambao bado wanatafuna kwa meno yao wenyewe. Na wako watu wa miaka 40 ambao meno yao yanacheza. Kinachong'oa meno mazima yasiyo na tundu ni ugonjwa wa fizi.

MTI NA UDONGO WAKE

Sisi watu wa Rufiji tunaujua mto wetu. Maji yakija kwa nguvu hula kingo. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko makubwa yaliingia katika vijiji na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Tuliona maji yanavyoweza kuchukua udongo.

Fikiri juu ya mwembe ulio ukingoni mwa mto. Mwembe ni mzima. Majani ni mabichi. Maembe ni mengi. Lakini mto unakula udongo kwenye mizizi yake, kidogo kidogo. Mwembe unaanza kuinama. Siku moja unaanguka majini. Mwembe wenyewe haukuwa na ugonjwa. Ulikosa udongo wa kuushika.

Jino ni kama mwembe huo. Jino lina mzizi. Mzizi umeingia ndani ya mfupa wa taya. Fizi zimefunika mfupa huo, kama nyasi zinavyofunika udongo. Fizi zikiharibika, mfupa nao huanza kuliwa. Mfupa ukiliwa sana, jino hucheza. Mwishoni hutoka, hata kama halina tundu.

NINI KINACHOKULA FIZI?

Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu. Ni vidogo sana, hatuwezi kuviona kwa macho. Vijidudu hivyo hujishikiza kwenye meno, hasa pale jino linapokutana na fizi. Hapo hufanya utando laini unaonata. Utando huo tunauita ukoga. Ukipitisha ukucha kwenye jino asubuhi, utauona.

Ukoga ukiondolewa kila siku, hauna nguvu. Ukiachwa, vijidudu huongezeka na kutoa sumu. Sumu hiyo huzichokoza fizi. Fizi huvimba na kuwa laini. Ukizigusa hutoka damu.

Ukoga ukikaa siku nyingi huwa mgumu kama jiwe. Sasa unaitwa ugaga. Rangi yake ni ya manjano au kahawia. Ugaga hautoki kwa mswaki. Vijidudu vingine hujificha juu yake na chini yake. Kisha hushuka kati ya jino na fizi, wakielekea kwenye mfupa. Kazi hii huenda polepole, kwa miaka mingi. Mara nyingi haina maumivu. Ndiyo maana mtu hushtuka siku jino linapocheza.

WATU 12 WA DENMARK

Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa meno, Harald Löe, pamoja na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya katika nchi ya Denmark. Waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima. Waliwaomba waache kabisa kusafisha meno.

Matokeo yalikuwaje? Watu wote 12 walipata uvimbe wa fizi. Wengine ulianza baada ya siku 10 tu. Wengine ulianza baada ya wiki tatu. Kisha waliambiwa waanze tena kusafisha meno vizuri. Kwa muda wa kama wiki moja fizi zao zilipona.

Jaribio hilo linatufundisha mambo mawili. Kwanza, ukoga ndio unaoanzisha ugonjwa. Pili, ugonjwa ukiwa bado mchanga, mtu anaweza kuuponya kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa pana kosa ambalo watu wengi hulifanya. Mtu anapiga mswaki, anatema, anaona damu. Anaogopa. Anasema, "Mswaki unaniumiza, nitauacha." Akiacha, ukoga huongezeka. Fizi huvimba zaidi. Damu nayo huzidi. Damu ile ilikuwa inamwambia asafishe, naye akaacha kusafisha. Ukiona damu, endelea kusafisha kwa upole kila siku. Kama haikuisha baada ya wiki mbili, nenda kwenye zahanati.

DALILI ZA UGONJWA

Fizi nzima ni ngumu kidogo na zimelikamata jino. Wengi wetu tuna fizi zenye weusi. Weusi wa kuzaliwa nao si ugonjwa. Dalili za ugonjwa ni hizi:

1. Fizi hutoka damu unapopiga mswaki au unapouma embe.
2. Fizi zimevimba, ni laini na zinang'aa.
3. Kinywa kinanuka kila siku, hata baada ya kusafisha.
4. Fizi zimeshuka, na meno yanaonekana marefu kuliko zamani.
5. Usaha hutoka ukibonyeza fizi.
6. Meno yanacheza, au yameachana na kuacha nafasi.

Dalili ya 1 na ya 2 huanza mapema. Hapo udongo bado upo. Dalili ya 4, ya 5 na ya 6 huonyesha kwamba mara nyingi mfupa umekwisha kuanza kuliwa.

JE, UGONJWA HUU UNAAMBUKIZA?

Ugonjwa wa fizi haurukii watu kama mafua au kipindupindu. Huwezi kuupata kwa kukaa na mgonjwa, wala kwa kula naye sinia moja.

Lakini vijidudu hupita kwa njia ya mate. Kwa hiyo kila mtu awe na mswaki wake. Baba, mama na watoto wasitumie mswaki mmoja. Hata hivyo, vijidudu peke yake havitoshi. Vinahitaji ukoga ulioachwa ukae. Anayesafisha vizuri kila siku huvinyima makao.

Ndani ya kinywa chenyewe ugonjwa huenea. Huanza kwenye jino moja na kwenda kwa majirani zake. Mara nyingi huanzia nyuma, au upande wa ndani, pale mswaki usipofika.

NI KISEYEYE?

Baadhi ya watu huita kila damu ya fizi kiseyeye. Kiseyeye chenyewe ni ugonjwa wa kukosa vitamini C. Vitamini hiyo imo katika matunda na mboga mbichi.

Ugonjwa huo una historia katika pwani yetu. Mwezi wa Januari 1499 mabaharia Wareno wa Vasco da Gama walifika Malindi wakitoka India. Walikuwa wamekaa baharini karibu miezi mitatu. Fizi zao zilikuwa zimevimba, na wengi walikuwa wamekufa. Hapo Malindi walitafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa.

Sisi tuna maembe, machungwa, mapera, mapapai na mchicha. Mtu anayekula vitu hivyo hapati kiseyeye kwa urahisi. Basi fizi zikitoka damu, mara nyingi sababu ni ukoga. Kula matunda, ni chakula kizuri. Lakini matunda hayafanyi kazi ya mswaki.

WANAOHITAJI KUANGALIA ZAIDI

Mama mjamzito. Wakati wa mimba fizi huvimba na kutoka damu upesi. Asiache mswaki. Amweleze muuguzi anapokwenda kliniki.

Mgonjwa wa kisukari. Kisukari huupa nguvu ugonjwa wa fizi. Na fizi zikiwa na ugonjwa, sukari huwa ngumu kuidhibiti.

Anayetumia tumbaku. Tumbaku hudhoofisha fizi. Tena mvuta sigara asijidanganye kwa kutoona damu. Moshi hupunguza damu ya kwenye fizi, kwa hiyo ugonjwa huendelea kwa kujificha.

Mtoto mdogo aliyedhoofika kwa njaa, au aliyetoka kuugua surua. Akipata kidonda kwenye fizi chenye harufu mbaya, au shavu likivimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni ugonjwa unaoitwa noma. Noma hula uso kwa muda wa siku chache na unaweza kuua. Ukiwahiwa hutibika kwa dawa na chakula bora.

MATIBABU

Tabibu wa meno atatazama fizi zako kwa chombo chembamba. Atapima ugonjwa umeshuka mpaka wapi. Kisha atakwangua ugaga juu ya fizi na chini yake. Kama pana usaha, anaweza kukupa dawa ya kusukutua au vidonge. Jino linalocheza sana huenda likang'olewa.

Watu husema kwamba kukwangua ugaga kunalegeza meno. Si kweli. Jino lilikuwa limekwisha kulegea, na ugaga ulikuwa umeficha. Ugaga ukitoka, fizi hunywea na kulikamata jino tena. Lakini mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Kwa hiyo nenda mapema. Baada ya matibabu, safisha kila siku. Usiposafisha, ugonjwa utarudi.

Vidonge peke yake havitibu fizi. Ukimeza vidonge na kuacha ugaga, ni sawa na kukata magugu juu na kuacha mizizi. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha. Usiweke aspirini juu ya ufizi, maana itauunguza. Usimruhusu mtu akung'oe jino kwa koleo nyumbani. Unaweza kutokwa na damu nyingi au kupata maambukizo makali.

Ukianza kuona dalili, nenda kwenye zahanati yako. Mganga atakuelekeza hospitali yenye tabibu wa meno. Ndugu zetu wa delta, wa Mbwera, Salale na Kiongoroni, husafiri kwa chombo kabla ya kufika barabarani. Safari ni ndefu na ina gharama. Ndiyo maana kwao kinga ina faida kubwa zaidi.

KINGA

Piga mswaki mara mbili kila siku. Mara moja iwe usiku kabla ya kulala. Baada ya hapo usile kitu.

Chukua mswaki laini. Uinamishe ili nywele zake ziguse jino na fizi kwa pamoja. Usugue taratibu, kwa mizunguko midogo. Anza meno ya nyuma. Safisha nje, ndani na juu. Usikimbie, chukua dakika mbili. Dawa ya meno yenye floraidi huzuia meno kutoboka. Lakini kama dawa imekwisha, piga mswaki hivyo hivyo kwa maji.

Mswaki wa mti nao hufaa. Kata kijiti kibichi cha mti unaotumiwa na wazee wenu. Usikate mti usioujua, maana mingine ina utomvu wa sumu. Tafuna ncha mpaka iwe nyuzi laini. Safisha kila jino, hata upande wa ndani. Kesho yake kata ncha ya zamani, utafune mpya.

Usitumie mchanga wala mkaa wa kusaga. Hukwaruza meno na kuumiza fizi.

Fizi zikiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Nusu kijiko cha chai katika glasi moja inatosha. Maji hayo hupunguza maumivu, lakini hayaondoi ugaga.

Watoto wadogo hawawezi kusafisha vizuri peke yao. Mzazi awasaidie mpaka wafike miaka 7 au 8.

TUJADILI

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Kwa hiyo hatuko peke yetu, na hakuna sababu ya kuona haya.

Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma, walijadili, kisha walitenda. Nasi tufanye hivyo. Someni ukurasa huu pamoja, halafu mjibu maswali haya:

1. Kwa nini jino lisilo na tundu linaweza kutoka?
2. Ukoga na ugaga vina tofauti gani?
3. Mtu akiona damu kwenye mswaki afanye nini?
4. Katika nyumba yako, je, kila mtu ana mswaki wake? Kama hana, ataupata lini?

MAANA YA MANENO

Ukoga: utando laini unaonata kwenye meno.
Ugaga: ukoga uliokuwa mgumu kama jiwe.
Taya: mfupa unaoshika meno.
Kusukutua: kuzungusha maji kinywani, kisha kuyatema.